Kuhusu Goti Langu Kucheza Bila Idhini Yangu

Lupepo,
Rungwe.
Agosti, 1996.

Ndugu Mganga Mkuu,

(Au Mheshimiwa. Tangu lije soko huria sijui tena nani bado ni ndugu.)

Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko dhidi ya dada Doreen, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali unayoiongoza. Amenitibu goti, na sasa goti hilo linafanya mambo bila kunitaarifu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa kijijini. Miaka yote nimefundisha kwamba kichwa huamuru na viungo hutii. Nikisema "mikono juu", mikono huenda juu. Imani hiyo ndiyo iliyonivunja mguu. Wakati wa masika, walimu tulicheza na wafanyakazi wa kiwanda cha chai, tukapata penalti. Niliwakatalia wengine wote. Nikasimama nyuma ya mpira nikiupa mguu maelekezo kimoyomoyo: goti jikunje, kifundo kaza, paja subiri zamu yako. Vyote vikaitikia kwa pamoja. Nilipiga tope. Mpira ulibaki palepale, nami nikabebwa juu ya ubao wa benchi, kipa wao akiwa mmoja wa wabebaji.

Plasta ilipoondolewa, daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Goti halikujali, likakataa kukunjika. Nikawa mtu wa gongo la kutembelea, na mke wangu Hellen akawa mtu wa kazi zote za shamba. Ndipo nikapelekwa kwa dada Doreen. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hana heshima kwa elimu. Siku ya kwanza nilimpelekea mchoro wa goti niliouchora mwenyewe kwenye manila, na mishale ya rangi mbili. Akaniambia, "Mchoro mzuri, Mwalimu. Uweke pale, unipe mguu."

2. Ni mdanganyifu. Kila nilipolitazama goti na kuliamuru, lilikaza kama gogo. Basi akaacha kabisa kulitaja. Akanishika mkono, tukawa tunatembea kwenye korido, akaniuliza jinsi nilivyokutana na Hellen. Mganga Mkuu, hilo ni jambo la kuelezea vizuri. Nilikuwa nimefika pale Hellen aliponicheka kanisani, ndipo dada Doreen aliposema, "Pole kwa safari, Mwalimu. Umeshapanda ngazi."

Nikatazama chini. Kweli, nilikuwa juu ya ngazi, bila gongo. Papo hapo goti likakumbuka kwamba haliwezi. Walikuja wauguzi wawili kunishusha.

3. Hili ndilo zito. Jumamosi iliyopita tulimwoza binti yetu, Atupakisye. Nilikaa meza kuu, goti nimelinyoosha mbele kama mgeni rasmi, gongo pembeni. Nilishamweleza binti kwamba sitacheza, akasema "Sawa, baba," kwa sauti ambayo sikuipenda. Kwaya ikaanza kuimba, spika zikiunguruma, akina mama wakajipanga kumsindikiza bibi harusi. Alifika mbele yangu. Alininyooshea mikono yote miwili tu.

Kilichofuata sina ushahidi wake isipokuwa wa watu. Wanasema niliinuka. Wanasema nilichuchumaa mpaka chini nikapanda tena, mabega yakitangulia, na wanafunzi wangu wa zamani wakapiga kelele za asante kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mwalimu!" Ninachokumbuka mimi ni uso wa mwanangu, jasho, na jambo moja la ajabu: kwamba hapakuwa na mtu kichwani akitoa amri. Kulikuwa kimya kule. Nilipozinduka, Hellen alikuwa mbele yangu akicheza huku analia, na gongo liko mbali sana.

Sasa nauliza, na nisaidie kwa utaalamu wako. Ikiwa sikuwapo mimi mwenye kuamuru, nani alicheza? Na kama si mimi niliyecheza, mbona niliyefurahi ni mimi? Tangu siku hiyo silali vizuri. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa la nne, nikafungua mdomo kusema "mikono juu", nikaona aibu. Watoto wale wanaruka kamba tangu asubuhi bila amri ya mtu yeyote. Nikawaambia waendelee.

Kwa hiyo naomba: kwanza, nipewe maelezo ya kitaalamu kuhusu mahali nilipokuwa wakati nacheza. Pili, hospitali iiandikie shule kwamba mwalimu wa michezo bado anahitajika. Tatu, dada Doreen ahamishiwe wilaya nyingine, haraka, kabla hajawapindua wenye vichwa wengine wa Rungwe.

Wasalimie wauguzi wote, hasa wale wawili walionishusha. Waambie uzito wangu umepungua. Hellen anakusalimu, na bwana na bibi harusi pia.

Wako katika kutafuta haki,

Mwl. Asajile Mwakisole

N.B. Ombi la tatu lisitekelezwe kabla ya Alhamisi. Bega la Hellen limekuwa likimuuma tangu mwezi wa tano na hakuniambia, eti mimi ndiye mgonjwa. Nitamleta mwenyewe, kwa miguu. Tafadhali mwambie dada Doreen amdanganye vilevile kama alivyonidanganya mimi, na akimuuliza jinsi tulivyokutana, amwache amalize. Ningependa kusikia upande wake.