Siri ya Jikoni kwa Hannah Sugden

Jumanne, 10 Mei 1774
Nimeingia mji wa Hebbleshaw nimelowa chapachapa, farasi kaninunia. Nimehubiri sokoni kuhusu hukumu ya mwisho mpaka sauti ikakauka. Aliyebaki ni mlevi mmoja, naye usingizini! Nikauliza wafumaji wa mji huu wako wapi. Kumbe wamejaa jikoni kwa Hannah Sugden, mjane, Mmethodisti kama mimi. Huwaambia nini? Hakuna aliyeweza kunieleza.

Jumatano, 11 Mei
Nimemwendea Hannah kwa upole. Nikamwuliza hutumia mahubiri ya nani. Hana. Nikauliza kama hupaza sauti. Akacheka, akanipakulia supu ya njegere, akasema nije kesho kama wengine. Kama wengine! Mimi, Ephraim Holroyd, mhubiri wa kusafiri! Lakini juu ya jiko lile kuna dari ya kuwekea nyasi kavu. Nitapanda nichungulie.

Alhamisi, 12 Mei
Nimepanda. Vumbi tele puani. Chini hapakuwa na mahubiri hata kidogo. Hannah alimgeukia kila mtu, akamwuliza roho yake ikoje wiki hii, kisha akanyamaza. Ajabu! Zamu ikamfikia Amos Ackroyd, mchonga mawe, pande la mtu. Akasema hajasali tangu amzike binti yake. Hakuna aliyemhubiria. Jirani yake alimshika mkono, basi.

Nikasogea nione vizuri. Ubao ukaachia. Nikashuka na nyasi zote, nikatua miguuni pa Amos. Nilingoja ngumi. Akanipangusa nyasi mabegani.

Hannah akasema, “Karibu, Ndugu Holroyd. Na roho yako wewe ikoje?”

Nikafungua kinywa nihubiri. Wapi! Nikajisikia nikisema kwamba nimechoka kulala nyumba za watu, na kwamba sijui kama yupo hata mmoja anayenisikia.

Amos akasema, “Leo tunakusikia, Ndugu.”

Nikalia kama mtoto, mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 13 Mei
Goti limevimba, moyo mwepesi ajabu. Amos amenisindikiza, kashika hatamu za farasi kwa ajili ya goti langu. Njiani akaanza kunisimulia habari za binti yake, jinsi alivyopenda kuimba akisokota sufu. Bahati mbaya hapo hapo ndipo siri ya Hannah iliponijia, nikamkatiza nimweleze kabla sijaisahau. Nikamweleza mpaka darajani. Amos akasema, “Haya, Ndugu,” akanirudishia hatamu, akageuka. Mtu wa maneno machache, maskini.

Siri yenyewe ni kunyamaza! Watu wana kiu ya mtu anayejua kunyamaza. Jumapili nahubiri Otterby, na mahubiri juu ya kunyamaza yako tayari. Yatachukua saa tatu nzima. Nikiongea harakaharaka, nitaweza kuongeza mengine ya nusu saa.