Kibati Mlangoni kwa Bi Tannock

Glasgow ilikuwa ikinyeshewa, kama kawaida yake, siku Lachlan Purdie alipokiona kibati mlangoni kwa Bi Tannock akaona riziki. Sheria ya mji iliamuru kila nyumba ndogo ipimwe, idadi ya wanaoruhusiwa kulala iandikwe kwenye kibati na kupigiliwa mlangoni, mtoto akihesabiwa nusu mtu. Wakaguzi hupita, hasa usiku, wakihesabu vichwa, na anayezidisha hushtakiwa. Kibati cha Bi Tannock kilisema watatu. Yeye alilaza wapangaji saba, na alitamani wa nane.

Purdie alivaa kofia na koti la mkaguzi, mali ya marehemu fulani asiyeyahitaji tena. Fimbo yake ya kupimia, kwa rehema za Mungu, ilipungua shubiri moja, hivyo kila chumba alichokipima kiliongezeka. Mfukoni alikuwa na vibati vipya.

"Walikupunja, mama," alisema baada ya kupima. "Hiki ni chumba cha watu watano na nusu."

"Hiyo nusu ni ya nani?"

"Ya mtoto yeyote utakayempata."

Ada yake ilikuwa saa ya fedha ya marehemu Bwana Tannock. Mjane akakubali bila kubisha, jambo ambalo mjanja mwenye akili timamu angeliogopa.

Purdie alipomaliza kupigilia, buti zikasikika zikipanda ngazi. Bi Tannock akatega sikio.

"Wakaguzi," akanong'ona. "Na wewe sijui kama wanakujua."

Hawakumjua hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia jasho, maana kujifanya afisa ni jela. Mjane akamwonyesha dirisha la kutokea paani, wanakojificha wapangaji wake wakati wa ukaguzi, akamsihi aache koti, kofia na fimbo, asije akaonekana toka barabarani. Purdie akavua vyote, akapanda. Komeo likafungwa nyuma yake.

Akagonga mpaka vidole vikafa ganzi. Hatimaye akafungua Murdo, mpangaji mbeba makaa, mwenye buti zile zilizosikika ngazini.

"Bi Tannock yuko jengo la pili, anapima," alisema. "Koti limemkaa vizuri. Kasema ukienda polisi, usisahau kuwaeleza ulikuja kufanya nini."

Purdie akatafakari, huku mvua ikimwingia shingoni. Kisha akauliza kwa unyonge kama kuna nafasi ya kulala.

"Ipo," Murdo akasema. "Hapo ulipokaa."

Akafunga dirisha.