Matumbawe ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Wanasayansi wamerudi! Wajapani, Waaustralia, Wafilipino na Waindonesia wenzetu wa Makassar, boti moja, pua zote zimebabuka. Wiki hii watakagua vyuma walivyotugawia tupandie matumbawe. Atakayeshinda ataenda Okinawa, Japani, kuwaeleza wenzao. Okinawa! Tatizo ni moja: yangu yamekufa. Ya jirani yangu kule chini majini, shemeji La Muri, kaka wa mke wangu, yamenawiri. Hata joto la mwaka jana halikuyagusa. Kila asubuhi huzamia na mswaki kuyasugua mwani. Mtu mzima! Nilimwuliza kama huyatia na dawa ya meno.

"Cheka tu, shemeji," akasema. "Yako hata meno hayana."

Jumanne, 5 Machi
Vibao vya majina yetu kwenye vyuma vimefungwa kwa waya tu. Uzembe ulioje wa mataifa manne! Nimezamia, nimevibadilisha. Changu kwake, chake kwangu. Kasoami ya muhogo na samaki wa leo vimeshuka vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Daktari Mizue wa Japani kaibuka majini akipiga kelele. Hajawahi kuona matumbawe yanayostahimili joto hivi. Lakini ni machanga mno kukatwa, kwa hiyo akaniuliza mama yao, lile tumbawe kubwa nililochukulia mbegu, yuko wapi. Sikujua! Nikasema nyuma ya msikiti. Boti zima likaenda huko kukata vipande. Mke wangu Wa Ija alipiga vigelegele. La Muri alikitazama kibao, kisha akamtazama dada yake. Huenda hakutambua.

Ijumaa, 8 Machi
La Muri anahama. Kapata kazi kiwanda cha nikeli, mbali huko Morowali. Nilikimbia gatini nimwambie ukweli. Niliupanga vizuri njiani. Nilipomfikia nikamwambia melini kuna baridi, avae sweta. Akacheka kidogo.

"Matumbawe yako, shemeji, usiyasugue kwa nguvu. Ya upande wa mkondo bado laini."

Alijua! Alijua, akamezea kwa ajili ya dada yake. Meli ikapiga honi. Nilibaki pale hadi wauza ndizi wakafunga vikapu vyao.

Jumatatu, 25 Machi
Daktari Mizue kapiga simu. Vipande vya nyuma ya msikiti vimekufa vyote kwenye matangi ya Makassar. Bahari inapata joto tena, wanamhitaji mama halisi upesi. Anayemjua ni La Muri peke yake. Wa Ija kauliza mbona sili. Nikasema jino.

"Jino gani hilo linalouma kila ukisikia jina la kaka yangu?"

Nikaenda kulala na njaa.

Alhamisi, 28 Machi
Nimezamia. Mwani umeyafunika matumbawe ya La Muri kama blanketi. Nimesugua kwa nguvu zangu zote. Nimevunja matawi. Nimelia ndani ya miwani ya kuzamia. Usijaribu, huoni kitu. Wanasayansi wanafika kesho. Neno moja tu la kweli, na wangempigia La Muri kabla ya adhuhuri, na labda angerudi. Nimeliwaza neno hilo mchana kutwa.

Kisha nimepata jambo bora. Nitasema aliyevunja matawi ni kikande! Samaki yule ana meno, ana hasira, na hawezi kujitetea. Tena huko Okinawa, mtu aliyepigana na kikande ataketishwa mbele.