Bahasha ya 1089

Ijumaa, 27 Desemba 1991

Siku nne tu zimebaki! 1991 ukiugeuza, bado ni 1991. Mwaka wa bahati. Mwingine kama huo ni 2002, na wakati huo nitakuwa na miaka arobaini na tisa. Lazima Scovia akubali kuolewa nami mwaka huu. Ni fundi cherehani hapa Rangwe, jirani na kibanda changu cha viatu. Nampenda hadi juzi nimeshona soli mbili za kushoto kwenye jozi moja. Boaz wa baiskeli naye anampelekea sukari kila wiki. Mjinga!

Lakini mimi nina hesabu. Nimeipata kwenye gazeti la kufungia dagaa wa omena. Chagua namba ya tarakimu tatu. Igeuze, toa ndogo kutoka kwa kubwa. Jibu nalo ligeuze, ujumlishe. Nimejaribu 732: nikapata 495, kisha 1089. Nimejaribu 851: 1089! Nimeandika 1089, nikaongeza "Mungu ametuchagua", nikafunga bahasha. Kesho Scovia ataifungua akishachagua namba yake.

Jumamosi, 28 Desemba

Scovia amechagua 645. Akageuza, akatoa, akapata 99. Ukigeuza 99 ni 99. Jumla, 198! Yawa! Nikamwambia arudie, labda amekosea. Hakukosea. Boaz, aliyekuwa ameleta sukari yake, akacheka hadi akashika ukuta. Scovia hakucheka. Akafungua bahasha, akasoma, akaikunja na kuiweka ndani ya blauzi. Nimeona aibu sana.

Jumatatu, 30 Desemba

Scovia mwenyewe amekuja kibandani! Ameniuliza nataka nini hasa, niseme kwa mdomo. Nikasema. Akajibu kwamba amengoja neno hilo tangu wakati wa kuvuna mahindi. Nimelia kidogo, nikasingizia gundi. Kesho niende kwa baba yake, niseme wazi vivyo hivyo. Amenisihi nisiende na karatasi.

Jumanne, 31 Desemba

Sikwenda na karatasi. Nilikwenda na chaki.

Mzee akaniuliza nimekuja na neno gani. Nikaona nilipambe kidogo, nikamwomba achague namba. Akachagua 282. Igeuze, 282. Toa: sufuri! Nikaiandika kubwa sakafuni. Mzee akaitazama, kisha akauliza kama hiyo ndiyo idadi ya ng'ombe nitakaomletea kwa binti yake.

Nimefukuzwa. Scovia amenisindikiza hadi barabarani, amenishika mkono, anacheka huku analia. Amesema baba yake atapoa, nirudi kesho, nifungue mdomo tu.

Nimemwelewa kabisa. Kosa langu ni kuwaacha watu wachague wenyewe. Kesho namba nachagua mimi: 2178. Izidishe kwa nne, inageuka 8712! Mzee hataweza kukataa.