Makaa Yenu Yameua Urithi wa Kibuyu cha Mama

Kanyakine.

Kwa Daktari Phyllis, Mradi wa Ndoo za Maji.

Daktari,

Natumaini u mzima kama sisi tulivyokuwa.

Mwezi wa pili ulituletea ndoo ya kuchujia maji, ndani yake makaa yaliyopakwa vumbi la fedha, ile ya pete, laini hata jicho haliioni. Ulisema fedha hiyo inaua bakteria. Nilipiga makofi, tena nikiwa wa kwanza. Sasa nalalamika:

1. Hukusema itaua bakteria wa nani. Hapa kwetu kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa kabla ya kutiwa maziwa, ndipo yachache vizuri. Watu wa Kiirua walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Kajuju, nikaona ni aibu kutumia makaa ya jikoni na nina makaa ya daktari. Nikayatoa kwenye ndoo, nikasugua, yaliyobaki nikayaacha humo humo kibuyuni.

2. Maziwa yalikaa siku nne. Hayakuchacha. Yalinitazama tu.

3. Bakteria wa kibuyu hicho si wahuni wa mtoni. Mama aliwafuga kabla sijazaliwa, na wamelea watoto saba na chifu mmoja.

4. Felicitas, shangazi ya bwana harusi, alionja, akaweka kikombe chini polepole. "Mwirigi, haya ni maziwa ama ni dawa ya macho?" Kisha akawaambia wenzake kwamba boma ambalo maziwa yake hayakomai, hata msichana wake hajakomaa. Kajuju ni naibu wa mwalimu mkuu. Posa imesimama hadi Jumamosi, waonje tena.

Kwa hivyo naomba fedha ifundishwe kutofautisha mgeni na mwenyeji. Pia utume bakteria wa fidia, nusu kilo, wenye adabu. Na Jumamosi uje mwenyewe uwaombe radhi wakwe, ukiwa na lile koti jeupe.

Mke wangu Kathambi anakusalimu. Ng'ombe pia, ambaye hana hatia.

Ni mimi niliyepiga makofi kwanza,
Mwirigi

Nyongeza: Barua hii nimeiandika kwa awamu tano. Tangu nitoe makaa kwenye ndoo tunakunywa maji ya mto vile yalivyo, na boma lote liko kwenye foleni ya choo. Felicitas aliomba maji asuuze mdomo, na mpaka leo hajaweza kusafiri. Tafadhali tuma makaa mengine haraka. Amesema akifika Kiirua bila kusimama njiani, posa imekubaliwa, hata kwa maziwa yasiyochacha.