Padri wa Kwenye Mkanda

Jumanne, 2 Julai 1996
Jumuiya leo watu wanne, pamoja nami na mke wangu Sabina. Wengine wako Igogo kwa Okwach, mlokole anayekemea pepo chini ya turubai. Paroko amesema tusipofika kumi Jumamosi, jumuiya yetu ya Mabatini ataiunganisha na ya Nkwabi. Nkwabi awe mwenyekiti, mimi muumini wa kawaida. Miaka tisa ya uenyekiti, Mungu wangu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeuzoea.

Alhamisi, 4 Julai
Nimepata dawa. Chenge, mwenye kibanda cha video, ana mkanda wa binti aliyepandwa na pepo. Anaongea kwa sauti ya dume, maziwa yanachemka mezani bila moto. Na anayeitwa ni padri! Wa kwetu kabisa, kanzu nyeusi, rozari, maji ya baraka. Jumamosi, kabla ya sala, watu waone kuwa pepo walituogopa sisi kabla Okwach hajanunua spika. Nilipoujaribu leo, umeme ulikatika padri akiwa anabisha hodi. Haidhuru. Mwisho wa padri na shetani unajulikana.

Jumamosi, 6 Julai
Saa tisa alasiri, kibanda kimejaa. Hata Okwach alikuja, akaniamkia kwa heshima. Nikamhurumia. Nilisimama kando ya televisheni kuwafasiria watu Kiingereza. Chenge anasema nilifasiri hata walipokuwa wamenyamaza.
Padri akaingia, akanyunyiza maji. Binti akacheka. Padri akakimbia, mkoba akauacha. Nikawaambia amekwenda kumwita askofu. Tukamngoja askofu. Akaja bibi wa yule binti, hana kanzu, hana kitabu. Akamshika kichwa, akapiga kelele, pepo akatoka. Kibanda kizima kikasema amina. Mama Suzana, muuza dagaa, akaniuliza kama askofu yuko njiani bado, tumwekee kiti. Okwach alinipa pole tu. Hiyo ndiyo iliyoniuma.
Jioni kwenye sala tulikuwa watatu. Wa tatu ni Nkwabi, amekuja kuangalia anachorithi.

Jumapili, 7 Julai
Paroko ametangaza. Baada ya misa kaniuliza huyo askofu nilimtoa wapi.

Jumatano, 10 Julai
Sabina kanishika mkono mpaka kwa Okwach. Anasema tangu Jumamosi nafungua vikao usingizini. Okwach kaniwekea mikono, kamwuliza pepo jina lake. Sabina akajibu kwa niaba yangu kuwa anaitwa Uenyekiti. Watu wakacheka, kisha wakakemea kwa bidii. Niligoma kuanguka, mimi ni Mkatoliki. Lakini magoti yaliuma, nikaanguka taratibu, upande usio na mawe. Wakasema ametoka.
Kweli najisikia mwepesi. Nkwabi nimemsamehe, na Paroko pia. Nikiwa bado chini nilitazama huku na huku. Watu zaidi ya mia, mabenchi yamepangwa ovyo, hakuna anayeandika mahudhurio. Nikamuuliza Okwach mwenyekiti wao ni nani. Akasema hawana.
Nimemwambia asihangaike tena, mimi nipo.