Couche, Kikombe na Mama-mkwe Wangu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Bénédicte amepanda lori la Mitwaba asubuhi. Anakwenda kununua maharagwe, atarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Ameniachia mtoto na amri mbili. Kwanza, ngozi ya Abigaëlle chini ya couche, nepi yake, imeanza kuwa nyekundu, niiponyeshe. Pili, mtoto anatimiza mwaka mwezi huu na muuguzi amesema biberon, chupa ya kunyonya, sasa basi, anywe kwenye kikombe chenye mdomo.

Kisha, mguu mmoja tayari juu ya lori, akaongeza la tatu. Nikishindwa, mtoto anahamia kwa kambo yake, bibi mzaa mama, Mama Albertine, kule commune Kenya, hapahapa mjini, mpaka msimu wa harusi uishe na nipunguze kushona. Mama Albertine mwenyewe atapita Jumapili kuangalia hali.

Ahamie Kenya! Mtoto wangu! Nani atakuwa ananivuta ndevu asubuhi? Nyumba hii bila yeye mimi siitaki.

Lakini sina wasiwasi. Mimi ni Vital, fundi wa kushona, Kamalondo nzima inanijua. Nimewavalisha mabwana harusi wenye vitambi vya kutisha. Nishindwe na mtu wa kilo nane?

Nimesahau kuuliza dawa ya kupaka iko wapi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimefanya uchunguzi. Kosa ni la couche za dukani, zinavuja. Nimeshona yangu: taulo ndani, kitenge katikati, plastiki ya mfuko wa sukari nje. Mshono mara mbili. Haikuvuja hata tone kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Nimemaliza suruali mbili bila kusumbuliwa. Ushindi!

Saa tisa nikaifungua. Mama wee! Wekundu umepanda mpaka kiunoni. Abigaëlle alilia hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

Jirani ni Alphonse. Ametoka Butembo, anauza mchele kwa jumla, na kila kitu chake ni kikubwa kuliko changu: ghala, sauti, mtoto. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba Caleb wake ana miezi kumi tu na tayari anakunywa kwenye kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia Abigaëlle anatumia mkono mmoja. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Poda imeisha. Nikafikiri: unga wa mahindi ni mkavu, laini, mweupe. Tofauti iko wapi? Nikanyunyiza kwa ukarimu. Dakika kumi, kavu kabisa, nilijisifu kwa sauti.

Kisha akakojoa. Bukari! Ugali kamili, unakosa mboga tu. Kuitoa ilichukua nusu saa, yeye akilia na mimi nikikaribia kulia.

Mchana, kikombe. Nimenunua cha kijani chenye masikio mawili. Amekitazama. Amekitupa. Mara saba, nimehesabu. Nikaona afadhali apewe mfano, nikatia chai yangu humo nikawa nanyonya huku nasema mmm, mmm, tamu. Mama mmoja wa kwaya akaingia kuchukua blauzi yake. Akanikuta hivyo. Aliuliza tu mke wangu anarudi lini.

Ukweli lazima uandikwe: kikombe ni kizuri. Unaweza kunywa na kushona kola wakati mmoja.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimegundua siri! Tatizo si kikombe, ni kilichomo. Nimetia soda ya chungwa. Amekunywa! Yote! Nilipiga kelele, nikamwita Alphonse ukutani aje ashuhudie. Alikuja, akasema kwa mtoto mdogo hivyo soda haifai. Wivu mtupu.

Baada ya saa mbili tumbo likafunguka. Couche sita. Sasa pale pekundu pana vipele. Mtoto hataki hata kukaa, ananitazama tu kama vile ananiuliza nimemkosea nini. Nimejisikia vibaya sana, nimembeba mchana mzima na gauni la bibi harusi halijaguswa.

Biberon imerudi. Kwa siri, pazia limefungwa.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Bénédicte amepiga simu. Nimemwambia mtoto iko muzuri sana. Akauliza ngozi inaendeleaje. Nikasema allô, allô, sisikii, nikakata. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Mama Albertine anajua dawa, amelea watoto tisa. Lakini nitamuulizaje? Kuna bukwe! Kwetu mwanaume hamtazami mama-mkwe usoni. Hampi mkono. Hali naye. Akija, yeye anakaa karibu na geti amenipa bega, mimi nakaa mlangoni nikiangalia viatu vyangu, na maneno yetu yanapita kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu wa tatu, tunamtumia mtoto. Miaka minne ya ndoa, sura yake naijua kwa picha tu. Mtu kama huyo nianze kumwelezea habari za makalio? Heri nife.

Halafu, nikiwa napiga pasi, akili ikafunguka. Bega! Geti! Kutoka kiti chake hadi mlangoni kwangu ni mita nane, na heshima inamzuia kusogea. Atamwona mtoto kwa mbali na kwa pembeni. Na nani hapa jirani anakunywa kwa mikono miwili?

Bukwe itaniokoa. Nimechoma kola ya mteja kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mazungumzo na Alphonse. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Amekubali kuniazima Caleb, kwa sharti moja: nitangaze mbele ya wanaume wote wa parcelle, pale uani kwake, kwamba Caleb ni hodari kuliko Abigaëlle. Nimetangaza. Imeniuma mpaka kwenye mifupa.

Nimempima Caleb gauni la njano la Abigaëlle. Linabana, nimelilegeza ubavuni. Kofia ya sufu inafunika masikio. Ukikunja macho, ni yeye.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mama Albertine alifika baada ya misa. Kiti, geti, bega. Mimi mlangoni na Caleb magotini. Abigaëlle amelala chumbani. Nikamwambia mtoto amwambie kambo karibu. Kambo akamwambia mtoto amwambie papa yake aksanti, na je, kikombe anakinywea?

Nikatoa kikombe. Caleb akakishika kwa mikono miwili, akanywa, akateuka kwa heshima. Mama Albertine akapiga makofi. Juu ya ukuta Alphonse naye akapiga makofi. Mpumbavu!

Akauliza, kupitia mtoto, ngozi je. Nikajibu, kupitia mtoto, imepona, iko laini.

Hapo kilio kikatoka chumbani. Kambo akamwomba mtoto amuulize papa ni nani analia. Nikasema ni paka. Paka akaita papa.

Papa! Neno lake la kwanza! Nilisimama bila kujua, machozi yakinitoka, na Caleb akabaki ananing'inia mkononi mwangu gauni likiwa juu kichwani, na chini hana couche.

Mama Albertine akainuka. Akavuka mita zote nane! Akasimama mbele yangu, akatazama, akaniita kwa jina, mara ya kwanza tangu nioe.

“Vital, mujukuu yangu amekuwa mwanaume tangu siku gani?”

Upande wa pili Alphonse alidondoka kutoka kwenye ndoo aliyosimamia. Tulisikia.

Akaingia, akamtoa Abigaëlle, akamfungua, akaona. Hakunigombeza. Alianza kukunja nguo za mtoto moja moja juu ya kitenge, kufunga mzigo. Basi, nikavunja bukwe na mimi. Nilimtazama usoni. Nikamwambia Mama, unisamehe, usimuchukue, bila yeye nitakufa ndani ya nyumba hii. Nikasema yote: plastiki, unga, soda, biberon ya nyuma ya pazia. Nililia kama mtu wa msiba.

Akakaa chini akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. Kilichomchekesha ni ile bukari.

Akafungua mzigo. Mtoto anabaki, amesema, na yeye atakuja kila asubuhi.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Amekuja siku tatu. Bukwe imerudi, nusu: anaongea na mgongo wangu, mimi naongea na viatu.

Kumbe hakuna siri! Maji ya uvuguvugu, bila sabuni. Kupangusa polepole, bila kusugua. Kuacha wazi kwenye mkeka, hewa ipite. Dawa nyeupe ya zinki kutoka pharmacie, ipakwe nene. Couche ibadilishwe mara inapolowa, si mteja akiondoka. Unga ni wa sufuria, amesema, na akaanza kucheka upya.

Kikombe vilevile. Alitoa kile kizibo cha mpira cha ndani kinachozuia maji, akatia maji kidogo tu, akampa Abigaëlle wakati wa chakula, akamwacha amwage. Siku ya kwanza alimwaga yote. Jana nusu. Leo ameshika masikio mawili akanywa maziwa yake hadi mwisho, kisha akacheka na meno yake manne. Vipele vimekauka. Nimempungia Alphonse kikombe kitupu juu ya ukuta.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Bénédicte amerudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla ya kunisalimia alifungua couche. Safi! Akaomba kikombe, akampa mtoto. Amekunywa! Akauliza ni nani amefanya kazi hii. Mama Albertine, akiutazama ukuta, akasema ni papa yake.

Sijui kwa nini alinifunika hivyo. Nilitaka kusema ukweli. Nikasubiri kidogo. Kufikia saa kumi nilikuwa ninaamini na mimi, na kina mama wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi langu wakisikiliza mashauri yangu.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Sikukuu ya kuzaliwa ya Abigaëlle ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 24. Mama Albertine anakuja na ukoo mzima. Bénédicte anasema mama yake ana hamu moja tu, kumwona mjukuu akitembea. Akaguna kwamba ni mapema mno. Kweli, Abigaëlle akiachia meza anakaa chini papo hapo.

Nimemwambia mke wangu asijali, baba yupo.

Mwape, fundi viatu wa barabara ya pili, ana mtoto anaitwa Keren. Kimo kilekile, anatembea vizuri, hata kukimbia anakimbia. Nimekwenda leo kumpima gauni. Mtu mwenye akili harudii kosa: safari hii nimehakikisha mapema, ni msichana.